Pete Thelathini za Karatasi

Wale mlionitumia ujumbe wiki nzima mkiniita muuaji, punguzeni kidogo. Mpaka hapa ninapoanzia leo, shemeji yangu hajafa. Yuko chini ya ardhi, lakini anagonga.

Kwa aliyepitwa na wiki iliyopita: mimi ni karani wa kliniki ndogo ya uzazi. Tulichimbiwa kisima na mtu anayeitwa Injinia. Hakikumaliza miezi minne, maji yakakata. Injinia akamrudisha mchimbaji wake chini aongeze kina, na saa nne asubuhi mchanga ukaporomoka ukamfunika. Mchimbaji huyo ndiye shemeji yangu. Tunamwita Kijiko, kwa jinsi anavyochota udongo.

Ni mdogo wake mke wangu. Nijisahihishe: mke wangu wa zamani. Mimi na dada yake tuliachana, ila mimi na Kijiko hatukuachana, na hata hiyo kazi ya kuchimba nilimtafutia mimi.

Kilichomwokoa ni bomba la chuma la pampu, lililobaki limesimama kutoka mdomo wa kisima mpaka alipo yeye. Nilivuka barabara mbio nikamleta fundi matairi na mashine yake ya upepo. Nikaisimamisha pembeni kabisa ya mdomo wa kisima, maana mpira wake ni mfupi, tukauchomeka kwenye bomba. Kijiko akapata hewa. Ukichomoa mpira ukaongea ndani ya bomba, anakusikia. Sauti yake yeye haipandi, kwa sababu ncha ya bomba iko usawa wa magoti yake na amebanwa, hawezi kuinama. Basi anagonga bomba kwa kijembe. Mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

"Umeumia?" Mara mbili.

"Hewa inafika?" Mara moja.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa nitasema nililowaficha, maana wiki iliyopita nilisimulia kama mtu aliyepatwa na balaa njiani. Sikupatwa na kitu. Nilikitengeneza mwenyewe.

Kikosi cha uokoaji kilifika saa tano na robo. Kiongozi wao alikuwa mtu mpana asiyepaza sauti. Wenzake walimwita Kamanda, nasi tukamwita hivyo hivyo.

"Aliyechimba kisima hiki yuko wapi?"

Injinia alikuwa amepanda pikipiki yake mara tu mchanga uliposhuka. Alisema anakwenda kuleta kamba ndefu. Ilikuwa imepita saa nzima na zaidi, na simu yake haipatikani.

"Basi nataka kujua kitu kimoja," Kamanda akasema. "Ndani mna pete?"

Pete ni miduara ya zege inayopangwa mmoja juu ya mwingine kuzuia ukuta usibomoke. Kisima chenye pete mpaka chini unaweza kumshusha mtu kwa kamba akafukua. Kisichokuwa nazo hakiingiliki. Inabidi uchimbe shimo jingine kando, umfikie mtu ubavuni, na hiyo ni kazi ya kutwa.

Sista, mkuu wetu wa kliniki, akanigeukia. "Karani, lete faili."

Nikalileta.

Kamanda akasoma kwa sauti. "Pete thelathini, kutoka mdomoni hadi chini. Zimekaguliwa. Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Ulikagua wewe mwenyewe?"

Mimi nakaa mezani na mihuri miwili na mashine ya kutoboa karatasi. Siku ile ya kusaini, Injinia alinikuta langoni natoka kwenda nyumbani. Akatandaza karatasi juu ya kiti cha pikipiki, akanipa kalamu yake. "Bosi, weka hapa tu." Tangu nizaliwe hakuna mwingine aliyewahi kuniita Bosi. Kisima kilikuwa hatua arobaini nyuma yangu. Sikugeuka hata kukitazama. Mimi nilimwita Injinia, yeye akaniita Bosi, tukaagana kwa furaha, wala hakuna kati yetu aliyekuwa hicho alichoitwa.

"Ndiyo," nikamwambia Kamanda. "Nilikagua."

Akavuta pumzi. "Afadhali. Basi ukuta upo, mchanga umemwagikia kutoka juu. Tutashuka ndani."

Vijana wake wakaanza kufunga kamba. Sista akabaki na faili mkononi.

"Na cheti cha Injinia ulikihakiki?"

"Nilikihakiki, Sista."

"Ulikwenda ofisi ya maji?"

"Nilipiga simu."

Kabla kisima hakijachimbwa, Sista alikuwa ameniagiza mbele ya kamati nzima ya kliniki. Aliniambia niende kwa miguu yangu, nifunguliwe daftari la wachimbaji waliosajiliwa, nilione jina kwa macho yangu. Mimi nikaona njia ya mkato. Chini ya cheti cha Injinia paliandikwa namba ya simu ya ofisi ya usajili. Nikaipiga nikiwa mezani kwangu, nimenyoosha miguu.

"Ofisi ya usajili, tukusaidie nini?" Sauti ya mwanamume, inapitia puani.

Nikamsomea namba ya cheti, mia nne kumi na saba. Akasema nisubiri. Nikasikia karatasi zinapekuliwa, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa ofisi yenye nidhamu. Akarudi akasema namba ni halali na mkandarasi huyo ni wa daraja la kwanza. Nikashukuru. Nikagonga muhuri: IMEHAKIKIWA.

Na kwenye fomu ya kamati, penye nafasi ya jina la mkandarasi niliandika Injinia. Penye nafasi ya sifa zake za kitaaluma niliandika injinia. Ya kwanza kwa herufi kubwa, ya pili kwa herufi ndogo. Kamati ikapitisha. Hakuna aliyecheka.

"Hiyo namba nipe," Kamanda akasema. "Kama ni ofisi ya usajili watakuwa na mchoro wa kisima."

Akaipiga. Ikaita.

Ikaita pia mlangoni pa stoo. Palikuwa na mkoba wa Injinia umetundikwa kwenye kitasa, aliusahau katika haraka zake, na ndani yake kitu kilikuwa kinalia wimbo wa arusi.

Tulisimama pale tunausikiliza huo wimbo. Sista akaenda, akafungua mkoba, akatoa kisimu kidogo cha vitufe kilichofungwa kwa mpira wa nywele. Akakipokea.

"Halo," akasema Sista, akimtazama Kamanda hatua kumi mbele yake.

"Halo," akajibu Kamanda kwenye simu yake.

Siku nyingine hilo lingekuwa la kuchekesha. Yule mpekuzi wa karatasi mwenye sauti ya puani alikuwa Injinia mwenyewe, pengine alikaa kwenye kivuli cha ukuta wetu akipekua gazeti.

Sista hakunitukana. Ningependa angenitukana. "Nenda ofisi ya maji," akasema. "Sasa hivi. Kwa miguu yako. Ujue huyu mtu ni nani na nani anaweza kutusaidia."

Kamanda akanishika bega. "Kabla hujaenda. Cheti ni cha uongo, sawa. Lakini pete uliziona?"

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Nyuma yake kijana wake alikuwa ameshavaa mkanda wa kamba kiunoni. Niliwaza: pengine zimo. Huyu mtu anaweza kudanganya cheti na bado akapanga pete. Niliwaza pia Sista yuko pale anasikia, na watu wote wale.

"Zimo," nikasema, kabla hajawaza kumuuliza Kijiko mwenyewe kwenye bomba.

Nikapanda pikipiki ya kukodi, nikamwacha shemeji yangu na uongo wangu.

Ofisi ya maji iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Dakika kumi na mbili tu kutoka kliniki. Miezi yote ile ilikuwa dakika kumi na mbili.

Na sasa mtajua kwa nini nilipiga simu badala ya kwenda. Mtunza daftari la wachimbaji ni mke wangu wa zamani.

Aliniona nikiingia kabla sijafika kaunta. Watu watatu walikuwa kwenye benchi wanasubiri.

"Kama ni habari ya Jumamosi," akasema bila kuinua sauti, "mtoto ana mafua. Haji kwako."

"Sijaja kwa ajili ya mtoto. Nimekuja kuhakiki cheti cha mchimbaji."

Akanitazama kidogo, kisha akavuta daftari. Kazini huyu mwanamke hana mchezo. "Jina la mkandarasi?"

"Injinia."

"Injinia nani?"

"Injinia tu."

"Hilo ni jina au ni kazi?"

Mmoja wa watu wa kwenye benchi akakohoa. Nikampa namba, mia nne kumi na saba, na nakala ya cheti. Akafunua kurasa, akashusha kidole, kikasimama.

"Mia nne kumi na saba ni Mama Kina. Ni mwanamke. Anachimba visima tangu sisi hatujaoana." Akaweka nakala yangu kando ya daftari. "Muhuri wake, tarehe yake, saini ya ofisi hii. Namba hii ya simu si yetu, na jina limebandikwa juu. Hata halikunyooka, angalia."

Nikaangalia. Jina lilikuwa limepinda, lingeonwa hata na mtu aliyevaa miwani ya mwenzake.

"Imenichukua dakika mbili," akasema. "Na ni bure. Mbona hukuja mapema? Kisima chenu si kimeshachimbwa?"

"Kwa sababu ni wewe uliyekaa hapo."

"Ningekuuma?"

"Nisingeweza kukaa kwenye hilo benchi, halafu uniite kwa zamu yangu kama mtu baki."

Aliinamisha macho kwenye daftari. Nadhani ilimgusa, au labda alinihurumia, sikupata nafasi ya kujua. Nikamwambia kisima kimeporomoka, kuna mtu ndani yu hai, waokoaji wanataka kushuka. Sikumwambia mtu huyo ni nani. Mniache, jamani. Nilitaka kwanza apige simu.

Alipiga papo hapo, akaweka sauti ya nje. Mama Kina alipokea huku nyuma yake kuna kelele za mashine.

"Huyo?" akasema, aliposomewa habari. "Huyo alikuwa mtu wangu wa injini. Asubuhi anawasha injini ya pampu, jioni anaizima, basi. Vibarua walimwita Wa Injini. Wakafupisha, ikawa Injinia, naye akaitika. Hajawahi kupanga pete hata moja mbele ya macho yangu. Cheti changu alikitoa nakala nilipomtuma dukani. Sasa niambieni, pete zimefika chini?"

Mke wangu wa zamani akanisogezea simu.

"Karatasi inasema thelathini," nikasema.

"Karatasi haimo kisimani. Zimefika?"

Kuna mambo unaweza kumwambia mtu usiyemwona. "Sijui," nikasema. "Nilisaini bila kuchungulia."

Kelele za mashine zikakoma, alikuwa amewaashiria wenzake wazime. "Nisikilize basi. Kama zimeishia katikati, zinaning'inia tu. Hazina cha kukalia. Mtu akishuka na kamba, mguu ukiugusa ukuta, zote zinateremka, na yeye, na yule wa chini. Msimamishe watu. Mimi nakuja, niko upande huo huo wa mji."

Nikampigia Sista. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea mhudumu wa mapokezi, akasema kuna mama amefika na uchungu, Sista yuko naye ndani hatoki. Nikamwambia akimbie uwanjani awaambie waokoaji wasishuke. Akaniuliza awaambie nini, mbona wameshashuka.

Nilikuwa nimeshageuka kwenda mlangoni.

"Baba watoto."

Hajaniita hivyo tangu tuachane. Nikasimama.

"Huko chini yuko nani?"

Nilitaka kusema kibarua. Nilikuwa na neno hilo mdomoni kabisa. "Kijiko," nikasema.

Alifunga daftari, akalitia kwenye droo, akafunga droo kwa ufunguo. Akawaambia wale wa kwenye benchi, "Samahanini, ofisi imefungwa." Alipotoka mbele yangu viatu vyake vilikuwa bado chini ya meza.

Tulipanda pikipiki moja, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma. Hakunishika. Alishika chuma cha nyuma.

"Kazi hiyo nani alimtafutia?"

"Mimi."

"Na leo asubuhi nani alimwambia ashuke?"

Hili sikuliandika wiki iliyopita. Asubuhi ile Kijiko alikuja mezani kwangu kabla ya kushuka. Alisema, "Shemeji, kule chini mchanga unachuruzika, una hakika pako sawa?" Nikampigapiga mgongoni kwa faili. "Pana cheti na pana saini yangu, kijana. Wewe shuka." Akacheka, akashuka.

"Mimi," nikasema.

Pikipiki ikaingia lango la kliniki.

Kamba ilikuwa imeshaingia kisimani imekaza. Niliruka kabla pikipiki haijasimama, nikaanguka, nikainuka.

"Mpandisheni!"

Kamanda akageuka. "Ameshafika pete ya tisa. Kuna nini?"

"Mpandisheni taratibu, asiguse ukuta. Hakuna pete thelathini."

"Umeniambia mara mbili kwamba zimo."

"Nilisema uongo. Mara mbili. Sikuchungulia siku ya kusaini, sikuchungulia siku yoyote."

Nilisema hivyo mbele ya wauguzi, ya wajawazito waliokaa kwenye kivuli, ya fundi matairi, ya mama wa binti yangu aliyesimama peku kwenye changarawe. Nilikuwa nimeiogopa hiyo sentensi tangu saa tano. Ilipotoka haikuniua. Nikaona ilikuwa nyepesi vile, nami kwa kuificha nimemwacha mtu ashuke pete tisa, na hasira niliyojisikia siwezi kuieleza.

Kamanda alinyanyua mkono. Wakamvuta yule kijana polepole. Alipotoka kichwa, tukasikia chini ukuta ukimwagika. Ulimwagika muda mrefu. Kisha ukanyamaza.

Kijiko hakugonga.

Dada yake alipiga magoti, akachomoa mpira, akaweka mdomo kwenye bomba. "Mdogo wangu. Ni mimi dada. Unanisikia?"

Hakuna.

"Ni mimi. Gonga basi. Usinifanyie hivyo."

Mara moja. Hafifu, lakini mara moja.

Alirudisha mpira, akalala kifudifudi na mkono umelishika bomba, akalia kwa sauti ndogo. Sikuthubutu kumsogelea. Sijui hata ningemshika kama nani.

Mama Kina alifika muda si mrefu, mwanamke wa makamo aliyevaa mabuti ya mpira, na chombo alichokuja nacho kilikuwa kioo cha kujitazamia. Akakilenga juani, akatupia mwanga kisimani, akausogeza kidogo kidogo kushuka, huku akihesabu kwa midomo. Kazi yenyewe ya kukagua ilikuwa hiyo. Kliniki nzima ina vioo.

"Kumi na mbili," akasema. "Ya kumi na tatu imeng'oka, alama yake inaonekana. Baada ya hapo hakuna kitu."

"Hiyo iliyong'oka iko wapi?" Kamanda akauliza.

"Kwa jinsi alivyo hai, imemkwamia juu ya kichwa imelala ubavu. Ndiyo paa lake. Ikisogea, basi." Akaelekeza hatua sita kando. "Chimbeni pale, mwende chini halafu mpinde. Mkianza sasa mtamfikia jioni."

Majembe yakaanza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilisikia mwili unalegea. Nikafikiri labda tutafika.

Mama Kina hakuwa ameondoka mdomoni pa kisima. Alikuwa ameinama, kiganja chake kimelala chini kwenye udongo, ametega kama anayempima mtoto homa. Akamulika tena kwa kioo.

"Njoo uone," akamwambia Kamanda.

Nami nikaenda. Chini ya pete ya kumi na mbili mchanga ulikuwa unachuruzika. Uzi mwembamba, haukatiki, ukielekea kule kwenye paa la Kijiko.

"Ni mashine hii," Mama Kina akasema. "Inatetemesha ardhi. Nani aliiweka hapa?"

"Mimi," nikasema.

Fundi matairi akasema mpira haufiki mbali. Upo mwingine kwa mwenzake, wa kuunganisha. Kwenda, kurudi, kuunga, nusu saa akijitahidi.

"Ana hewa ya nusu saa?" Kamanda akauliza.

"Hilo anayelijua ni yeye aliye kule," akasema Mama Kina. "Mimi najua mchanga. Ikiendelea kunguruma hapa, nusu saa hiyo paa halipo."

Dada yake Kijiko akainuka. Uso ulikuwa na udongo upande mmoja. Akanitazama. "Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemwambia ashuke."

Nikapiga magoti. Nikachomoa mpira.

"Shemeji. Ni mimi. Nisikilize. Pete hazimo. Karatasi yangu ilikuwa uongo, sikuwahi kuangalia. Unisamehe au usinisamehe, hilo baadaye. Sasa tunachimba ubavuni, tunakuja. Ila inabidi tuzime upepo nusu saa, mashine inakubomolea paa. Utaweza?"

Tukasubiri. Waliokuwa na majembe waliyashusha.

Akagonga mara moja.

Nikafumba macho kwa shukrani. Akagonga ya pili.

"Hapana," dada yake akanong'ona. "Amesema hapana."

Nikarudia swali, pengine hakunielewa. Mara mbili. Haraka, moja ikiigonga mgongo nyingine.

Mama Kina alikuwa bado na kioo chake. "Uzi umenenepa," akasema.

Kamanda akatazama mlango wa kliniki. Sista alikuwa bado kwa yule mama, tulikuwa tunamsikia akimwambia asukume. "Kwa sheria yetu lazima mwenye kisima aseme," akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye saini. Tuzime, au tuache?"

Nilimtafuta dada yake kwa macho. Alikuwa amegeuza uso, ameshika bomba kwa mikono yote miwili.

"Zima," nikasema.

Fundi matairi akazima mashine.

Uwanja ukawa kimya, tukasikia vizuri. Kijiko akagonga mara mbili. Akagonga tena mara mbili. Akaendelea hivyo, mbili, mbili, mbili, dada yake akizihesabu kwa kichwa, mpaka akagonga moja, nasi tukasubiri ya pili.